Pete ya Ufuoni



Juma la pili baada ya Idi, mpwa wangu alinijia na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu, yenye alama ambayo sitaitaja, na sababu yake mtaiona. Aliipata Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, shubiri moja chini ya mchanga, kwa mashine ya kutafutia metali aliyorudi nayo kutoka Maskati. "Khalati," akasema, "sonara keshanitajia bei." Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa na deni la karo, nami sikuweza kumlaumu kwa jinsi alivyokitazama kitambaa kile.

Mashine yenyewe ni jamaa ya ile fimbo ambayo walinzi hutupitishia milangoni mwa maduka makubwa. Koili yake hupitishwa umeme unaobadilika-badilika na kuzaa uga wa sumaku. Metali iliyo karibu huuitikia, na mashine ikalia. Mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, ndiyo maana mashine nyingine hulia ovyo karibu na mawimbi. Tena dhahabu nyembamba hulia takriban sawa na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda! Basi kijana hushinda akifukua vifuniko vya chupa, ndoana na misumari hadi mgongo umuume. Huenda Jumatatu asubuhi, maji yakipwa, na hupenda zaidi siku za bamvua, ufuo unapofunuka mbali.

Kazi hiyo sikuiona ubaya. Kabla ya kuanza aliwaendea wasimamizi wa ufuo akawaeleza, na kila shimo hulifukia, maana pale hukimbia watoto na hupita ngamia wa kupandisha watu. Panapowekewa alama za mayai ya kasa hapagusi. Wala hasogelei magofu, na hilo nilimsisitizia mwenyewe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kutafuta vitu vya kale bila leseni. Kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na anayekigundua kwa bahati yampasa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Wako wanaonung'unika kwamba hivyo ni vyetu, vya mababu zetu. Ni kweli ni vya mababu zetu, lakini kitu kikishang'olewa mahali pake huwa bubu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. 5 kati yake zilikuwa za Kilwa. Alikaa nazo hadi mwaka 1979 ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Mpaka leo hawajakubaliana zilifikaje kule, kwa kuwa hakuna mtaalamu aliyeziona zikiwa zimelala, akajua zililala na nini.

Pete yetu si ya kale. Ina mwenyewe, na huenda yu hai na anaililia. Tulimwendea sheikh, naye akatueleza kwamba hiyo ni luqata, si rikazi. Rikazi ni hazina iliyofukiwa zama za jahiliya, nayo hutolewa khumsi, sehemu moja katika tano. Luqata hutangazwa mwaka mzima, kama Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alivyomwelekeza aliyemuuliza: azijue sifa za kitu alichokiokota, kisha atangaze. Mwaka ukipita bila mwenyewe kujulikana, aliyeokota aweza kukitumia, ila mwenyewe akitokea baadaye, haki yake iko pale pale.

Ubao wa msikiti tuliuandika siku ile ile. Kisha nikajiuliza: ni nani huoga Bamburi? Husuni familia zetu peke yao. Huja watu wa bara kwa mabasi, huja wanafunzi, huja watalii, na mali ya asiyekuwa Mwislamu haiwi halali kwetu kwa sababu hasomi ubao wetu. Kwa hiyo tuliwaambia pia waokoaji wa ufuoni, wenye kukodisha maboya na wapiga picha, maana hao ndio huulizwa kwanza na aliyepoteza kitu. Tulisema "pete" tu, hatukuongeza neno. Ukishaeleza kila kitu, huna tena la kumuuliza anayedai.

Wamekwisha kuja wawili. Wa kwanza alieleza pete nzuri kuliko hii. Wa pili, mama wa makamo, alieleza vizuri sana ila alama ile hakuijua. Alipoambiwa siyo, alikaa kibarazani akalia, tukampa maji. Yake imo bado baharini. Mpwa wangu alimuuliza alikuwa amesimama wapi siku hiyo, na tangu hapo kila Jumatatu huanzia upande huo.

Deni la karo dada yangu alililipa kwa zamu yake ya chama. Pete imo sandukuni mwake na mwaka wake utatimia Shawwal. Yeye anataka hapo itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Kijana ana rai nyingine, na sheikh hakumkatalia. Ikiwa wewe ulipoteza pete Bamburi, au unamjua aliyepoteza, mpitie imamu wa mtaa wako, umweleze upande wake wa ndani ukoje.