Mgeni wa Bagamoyo anaondoka mikono mitupu

KILA mwisho wa wiki mabasi ya wanafunzi, vikundi vya makanisa na familia kutoka Dar es Salaam hupita Tegeta na Bunju kuelekea Bagamoyo, mwendo wa kilometa zipatazo 70 kwa barabara ya lami. Wageni huzungushwa magofu ya Kaole, makumbusho ya Misheni, Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897 na Caravan Serai. Hula samaki, hupiga picha ufukweni, na jua likianza kushuka wanarudi walikotoka.

Kiuchumi, safari ya namna hiyo inaacha kidogo sana mjini. Chukulia basi moja la watu 50. Wakiacha kiingilio na soda tu, mkulima na mvuvi wa Bagamoyo hawana habari kwamba basi hilo lilipita. Kila mmoja akinunua bidhaa za Sh10,000 zilizotengenezwa wilayani, ni Sh500,000 kwa basi moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo inafika shambani.

Historia ya kuuza ipo tele. Kaole kuna misikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874, ukiwa umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara. Na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walikuwa wakulima pia; miche ya buni kutoka kisiwa cha Reunion ilipandwa Bagamoyo kabla kahawa haijatia mizizi Kilimanjaro. Ni wageni wangapi wanaoondoka wakiwa wamekunywa kikombe cha kahawa yenye kisa hicho? Wengi hupewa mjadala mrefu juu ya maana ya jina la mji, basi.

Wajapani wana la kufundisha hapa. Kyoto ulikuwa makao ya wafalme tangu mwaka 794, ukapoteza hadhi hiyo mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869. Bagamoyo nao ulinyang'anywa makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, yakapelekwa Dar es Salaam. Tofauti ni kilichofuata. Mtalii anayekwenda kuona hekalu la Byodoin pale Uji, karibu na Kyoto, hupita kwenye mtaa uliojaa maduka ya chai ya eneo hilo hilo: chai ya majani, chai ya unga, hata aiskrimu na tambi za chai. Tena Mjapani akisafiri ni desturi arudi na boksi la chakula cha alikotoka, kwa ajili ya jamaa na wafanyakazi wenzake. Hekalu linamleta mgeni, na mkulima wa chai anapata soko bila kuhama kijijini. Mwaka 1979 mkoa wa Oita uliifanya hesabu hiyo kuwa sera, kila kijiji kikachagua zao la kujivunia.

Zao la Bagamoyo halihitaji kutafutwa. Mananasi ya Kiwangwa yanafahamika hadi Kariakoo. Msimu ukipamba moto bei inaanguka, lori likichelewa yanaoza, na mkulima anakubali bei yoyote atakayotajiwa na dalali. Nanasi lililokaushwa na kufungwa vizuri linakaa miezi, tena linaingia kwenye mkoba wa mwanafunzi. Kule Mlingotini akina mama wanalima mwani, na wengi huuuza mkavu kwa kilo, ilhali joto la maji ya bahari limekuwa likiua aina yenye bei nzuri. Sabuni ya mwani, chumvi ya pwani na mafuta ya nazi vingeweza kukaa kwenye meza moja pale Kaole na pale Boma.

Kikwazo ambacho hakisemwi ni mipaka ya utawala. Magofu yako Halmashauri ya Bagamoyo, mananasi yako Halmashauri ya Chalinze, ingawa wilaya ni moja. Kila moja inapanga bajeti yake. Afisa kilimo wa huku hana sababu ya kukaa na afisa utalii wa kule, wala hakuna anayeulizwa wasipokutana.

Wapo watakaosema tusubiri bandari. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Machi 2013, mwaka 2019 yakakwama, na katika miaka hiyo yote watu wa Mbegani na Mlingotini waliishi bila kujua kama wapande minazi mipya au wasipande. Bandari ikijengwa itakuwa heri, lakini haimzuii mtu kukausha nanasi leo. Kaushio la jua si mtambo wa kuagizwa ng'ambo. SIDO inafundisha usindikaji na inawasaidia wajasiriamali wadogo kufikia alama ya TBS.

Fedha za kuanzia nazo zipo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Madiwani wa Bagamoyo na Chalinze wanaweza kukaa kikao kimoja kabla ya tarehe hiyo, wakatenga sehemu ya mikopo hiyo kwa vikundi vya usindikaji vya Kiwangwa na Mlingotini, na wakavipa vikundi hivyo meza mahali basi linapoegesha.