Kwa nini Marekani imepunguza helikopta za kuokoa askari wake?

Askari akijeruhiwa vitani, uhai wake huhesabiwa kwa dakika. Mwaka 2009, Robert Gates, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliagiza majeruhi nchini Afghanistan wafikishwe kwa madaktari ndani ya dakika 60. Iliwezekana kwa sababu kambi zilikuwa nyingi, na Taliban hawakuwa na ndege za kivita.

Afrika ni tofauti, kwani eneo ni kubwa na kambi ziko mbalimbali. Oktoba 2017, wanajeshi wanne wa Marekani waliuawa karibu na kijiji cha Tongo Tongo, Niger. Manusura walichukuliwa na helikopta za Ufaransa.

Je, zinahitajika helikopta ngapi?

Jibu chungu lilipatikana Iran mwaka 1980. Marekani ilituma helikopta nane kuwaokoa raia wake waliotekwa Tehran. Mpango ulihitaji angalau sita, lakini jangwani zikabaki tano nzima. Operesheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja iligonga ndege ya mizigo. Watu wanane walikufa. Ndiyo maana makamanda hutaka za akiba.

Hata hivyo, mwaka 2022 Jeshi la Anga la Marekani liliomba kununua helikopta mpya 75 za aina ya HH-60W badala ya 113. Hoja yake ni kwamba, katika vita na nchi yenye makombora ya kisasa kama China, helikopta ya mwendo mdogo itatunguliwa kabla ya kumfikia majeruhi.

Vikosi maalumu hutumia pia Osprey, ambayo hupaa kama helikopta kisha huruka kwa kasi kama ndege. Lakini Novemba 2023 moja ilianguka baharini Japan na kuua wote wanane waliokuwemo. Zote zikasimamishwa kwa miezi kadhaa.

Kwetu somo hili si geni. Agosti 2012, Uganda ilituma helikopta nne kwenda Somalia, na tatu zikaanguka Mlima Kenya kabla ya kufika. Jeshi tajiri linaweza kujadili aina ya helikopta. Jeshi lenye chache likipoteza tatu, anayelipa ni askari aliyelala porini akisubiri mlio angani.