Chumvi ya Ozi, Bwawa la Masinga

Wakulima wa Ozi, karibu na mdomo wa Mto Tana, hulima mpunga kwa hisani ya bahari. Maji ya bamvua yanapojaa huusukuma mto kurudi nyuma, na maji baridi hupanda hadi mashambani bila pampu wala mfereji. Siku hizi mto ukikosa nguvu, kinachopanda ni chumvi. Mpunga huungua, miembe hunyauka.

Bahari imepanda, hilo halina ubishi. Lakini kesi ina mshtakiwa wa pili, tena yuko mbali na pwani: mabwawa matano ya umeme kwenye mto huo, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, yanayoshikilia maji pamoja na mchanga uliokuwa ukiujenga mdomo wa mto. Huko Kipini, mawimbi yamekwisha kumeza nyumba.

Malindi inalia kilio cha kinyume. Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi, hushusha udongo wa mashamba ya Ukambani. Mvua zikikolea, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo huyafikia matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa 1968.

Sasa, nani huitwa kikaoni kuyajadili haya? Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina wanachama sita. Taita Taveta, isiyo na hata hatua moja ya ufuo, imo. Machakos na Makueni, unakotoka udongo, hazimo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaitaka kila kaunti iliingize suala hilo katika mpango wake wa maendeleo, na ndivyo inavyokuwa: kila moja na wake.

Hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Kenya inavyo tele. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito iliyoanza 1974 kwa Mto Tana kisha ikaongezewa Athi, tayari ina mito yote miwili mikononi. Iwakutanishe kampuni ya umeme ya KenGen na wakulima wa delta kabla ya msimu, wakubaliane bwawa la Masinga, mojawapo ya yale matano, litafungulia maji kiasi gani na lini. KenGen watasema taifa linahitaji umeme, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana isikilizwe wakulima wa Ozi wakiwapo.

Matuta ya kuzuia mmomonyoko huko Makueni nayo yahesabiwe kuwa kinga ya Malindi. Gavana wa Kilifi hawezi kuyagharimia, wapiga kura wake watamcheka. Fedha hizo zitoke Hazina ya Taifa.