Mizimu ya Stanley Ilikuja na Kitabu

Kuna methali tunayoitumia vibaya kuliko zote tunapobishana: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu akisema jengo fulani la kale lina mizimu, wa pili akamuunga mkono, wa tatu akarusha video yenye muziki wa kutisha, basi kesi imefungwa. Haiwezekani, tunaambiana, watu wote hao wawe wamekosea. Anayeuliza ushahidi huonekana amesoma akapitiliza, au bado hajakutana nayo.

Mimi naishika methali hiyo mkiani. Kama halipo, laja. Sawa, linakuja vipi? Linaletwa na nani, na mletaji anapata nini? Mahali pazuri pa kuyaulizia hayo ni Hoteli ya Stanley, katika mji mdogo wa Estes Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, kwenye Milima ya Rocky, mita zipatazo 2,290 juu ya usawa wa bahari. Kila msimuliaji wa mambo ya kutisha ameipitia. Husemwa kwamba chumba namba 217 kina mhudumu aliyekufa zamani ambaye hukunja nguo za wageni usiku. Chumba namba 401 kina lodi wa Kiayalandi mwenye mkono mwepesi. Mke wa mwenye hoteli hupiga piano ukumbini ilhali kiti kiko tupu, na ghorofa ya nne watoto wasioonekana hukimbizana hadi alfajiri.

Tumwanze huyo lodi, maana kwake uongo haukujitahidi hata kujificha.

Lodi Dunraven alifika Estes Park mwaka 1872 kuwinda. Alilipenda bonde lile hata akataka liwe lake peke yake, uwanja wake binafsi wa kuwinda. Sheria ya Marekani ya 1862 ilimruhusu raia kujipatia ekari 160 za ardhi ya serikali kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Mawakala wa Dunraven walitafuta watu wa kusajili viwanja kwa majina yao, watu ambao hawakuwa na nia ya kuishi pale hata wiki moja, kisha viwanja hivyo vikahamia kwake. Kwa ujanja huo alikamata maelfu ya ekari. Walowezi wadogo walipiga kelele, kashfa ikaenea magazetini, na katika miaka ya 1880 akaondoka zake, ardhi akaiacha mikononi mwa mawakala na wapangaji. Baadaye aliiuza, na mmoja wa wanunuzi alikuwa bwana Stanley, ambaye ndiye aliyejenga hoteli. Ilifunguliwa mwaka 1909. Dunraven alifariki London mwaka 1926.

Hesabu ni nyepesi. Lodi anayedaiwa kutembea katika chumba 401 aliondoka bondeni zaidi ya miaka 20 kabla chumba hicho hakijajengwa, na kifo kilimkuta ng'ambo ya bahari. Alirudi kufanya nini, na chumba alionyeshwa na nani? Kisha tazameni shtaka lenyewe: mzimu wake, wanasema, huiba pete na bangili za akina mama. Mtu aliyekwapua bonde zima kwa hati za uongo anakumbukwa kama mdokozi wa vipuli! Mgeni akitoka pale amecheka, amepiga picha, na habari ya ardhi hajaisikia.

Ya mhudumu yananikera zaidi, kwa sababu huyo aliumia kweli. Stanley alitaka hoteli yake iwe ya kisasa, itumie umeme, akajenga mtambo wake wa umeme wa maji kwenye mto Fall River. Umeme ule haukutosha wala kutegemeka, kwa hiyo mwaka 1911 yakawekwa mabomba ya gesi ya asetilini kwa ajili ya taa za akiba, gesi ile ile wanayotumia mafundi wetu wa kuchomelea vyuma. Fundi yeyote atakwambia ubaya wake: ikivuja, haihitaji kujaa chumba ndipo iripuke. Inatosha asilimia mbili na nusu tu hewani, na cheche moja. Jioni moja ya Juni 1911 mhudumu wa vyumba aliingia na moto mkononi kuwasha taa, gesi ikiwa imeshavuja. Mlipuko ulibomoa sehemu ya jengo, naye akaanguka hadi ghorofa ya chini. Magazeti ya wakati ule yalipishana juu ya mambo mengi, jina lake likiwamo. Lakini hakufa. Alivunjika vifundo vya miguu.

Hapo pana habari ya kweli: mfanyakazi wa mshahara mdogo, mabomba mapya yanayovuja, na jimbo ambalo lilikuwa bado halina sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria hiyo Colorado iliipitisha mwaka 1915, miaka minne baadaye. Mtu angeweza kuuliza nani aliyafunga yale mabomba, nani aliyakagua, na mgonjwa alitibiwa kwa fedha ya nani. Simulizi la mizimu haliulizi hata moja. Limemchukua mwanamke aliyepona, likamuua, kisha likamrudisha kazini! Eti bado anakunja mashati ya wageni na kupanga viatu vyao, karne nzima baadaye, bila likizo wala mshahara. Na hoteli inakipigia debe chumba 217 kwa sababu yake. Sijui kama kuna tajiri yeyote duniani ambaye hajawahi kumwota mtumishi wa namna hiyo.

Watetezi wa mizimu husema: wewe unachambua mno, hizi hadithi ndizo zinazoihifadhi historia, bila hizo nani angemkumbuka Stanley? Wengi wanaamini hivyo, hata watu makini wa utalii. Basi tuone kilichohifadhiwa. Freelan Oscar Stanley alizaliwa mwaka 1849 huko Maine, pamoja na pacha wake Francis Edgar. Mapacha hao walitengeneza kioo kikavu cha kupigia picha, biashara ambayo baadaye waliiuza kwa Eastman Kodak. Wakatengeneza magari ya mvuke, na mwaka 1906 gari lao moja lilikimbia ufukweni Florida kwa kasi ya kilomita zipatazo 205 kwa saa, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajaona gari la aina yoyote. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 53, Freelan alishikwa na kifua kikuu. Dawa haikuwapo, streptomisini ilikuja kupatikana 1943. Tiba ilikuwa hewa ya mlimani, jua na kupumzika. Waingereza walipofungua hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto chini ya Kilimanjaro katika miaka ya 1920, walifuata imani hiyo hiyo. Stanley alipanda Estes Park akiwa hoi, akapata nafuu, akawa anarudi kila kiangazi. Hoteli aliijenga kwa sababu hiyo. Wageni walipokelewa stesheni na magari yake ya mvuke, wakapandishwa mlimani. Pacha wake alikufa mwaka 1918 katika ajali ya gari. Yeye aliishi hadi 1940, akafa akiwa na miaka 91, huko Massachusetts, upande wa pili wa nchi.

Maisha kama hayo yanahitaji mzimu wa nini? Lakini muulizeni aliyetazama video tatu za Stanley kama amesikia habari ya kifua kikuu. Atawaambia habari ya piano.

Sasa turudi kwenye "laja", maana siku ya kuja kwake inajulikana vizuri. Mwishoni mwa Oktoba 1974 mwandishi Stephen King na mkewe Tabitha walifika Stanley. Hoteli ilikuwa ya kiangazi, haina mfumo wa kupasha joto jengo, nayo ilikuwa ikijiandaa kufunga kwa majira ya baridi. Walikuwa karibu wageni pekee. Walikula katika ukumbi ambao viti vilikuwa vimeshapinduliwa juu ya meza, kisha wakalala chumba 217. Usiku King aliota mwanawe mdogo akifukuzwa katika ujia na mpira wa kuzimia moto, akagutuka jasho likimtoka, akavuta sigara dirishani, na kabla haijaisha riwaya ilikuwa imepangika kichwani. Kitabu chake, The Shining, kilitoka mwaka 1977, hoteli ikiwa na jina la kubuni, Overlook. King mwenyewe ameisimulia habari hii mara nyingi, na husema ilikuwa ndoto. Tulioamshwa na jinamizi tunajua ndoto hizo zilivyo. Tofauti ni kwamba sisi hatukuandika.

Kabla ya kitabu hicho Stanley ilikuwa hoteli ya kale iliyochakaa, inayosifiwa kwa hewa na mandhari. Baada yake ikawa makao makuu ya mizimu ya Marekani. Na filamu ya Stanley Kubrick ya 1980, ambayo wengi huapa kwamba wameiona hoteli ndani yake, haikupigwa pale. Vyumba na kumbi zilijengwa katika studio za Elstree, karibu na London. Jengo linaloonekana kwa nje ni Timberline Lodge, kwenye Mlima Hood, jimbo la Oregon, lililozinduliwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1937. Uongozi wa Timberline uliogopa wageni watakikimbia chumba 217, ukaomba filamu itumie namba 237, ambayo pale haipo. Leo chumba cha Timberline kinachoombwa kuliko vyote ni hicho hicho 217. Hofu iliyodhaniwa itafukuza wateja ndiyo inayowaleta.

Sijawaambia la bustani bado. Filamu ya Kubrick ina bustani ya njia za kupotezana, yenye kuta za majani marefu, ambamo mtoto anafukuzwa kwenye theluji. Katika kitabu haimo. Kwenye uwanja wa Stanley haikuwapo kamwe. Lakini watalii walikuwa wakija kuitafuta miaka nenda miaka rudi, wakiuliza imejificha wapi. Mwaka 2015 hoteli ikachoka kujibu. Ikaipanda. Miti halisi, ardhi halisi, kwa kumbukumbu ya kitu kilichowahi kuwapo studioni Uingereza tu. Anayefika leo ataiona kwa macho yake na kuamini kwamba filamu ilichukuliwa hapo. Nani atambishia, wakati ameigusa?

Mizimu nayo imepandwa kwa jembe hilo hilo. Mgeni hupanda na hadithi kutoka nyumbani, hulipia matembezi ya usiku, chumbani televisheni humwonyesha filamu ile ile, kisha hulala kwenye jengo la mbao la zaidi ya miaka 100 ambalo hutanuka mchana na kusinyaa usiku, upepo wa milimani ukivuma. Kwa mtu wa bondeni, mwinuko ule peke yake unaweza kuukatakata usingizi. Waliolala kibanda cha Mandara wakipanda Kilimanjaro wanalijua hilo. Mlango ukilia, atasema ni nani? Tangu 2023, kwa taarifa yenu, hoteli ina makumbusho ya miili iliyogandishwa, na maiti moja halisi imehifadhiwa humo. Hiyo haijamsumbua mtu.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili. Fedha ya mizimu imeezeka paa, na jengo lingeweza kuanguka bila fedha. Sina ugomvi na mfanyabiashara anayeuza anachonunuliwa; tiketi ya hofu ni burudani kama tiketi ya mpira. Ugomvi wangu ni na sisi tunaotoka pale tukisema tumejifunza historia ya mahali.

Mahali hapo pana historia ambayo mizimu haijaigusa kabisa. Bonde lile lilikuwa la Waarapaho na Waute kabla ya Dunraven, kabla ya wote. Hadi kufikia 1878 Waarapaho wa kaskazini walikuwa wameshasukumwa hadi Wind River, jimboni Wyoming. Julai 1914, hoteli ikiwa na umri wa miaka mitano, wazee wawili wa Kiarapaho, Gun Griswold na Sherman Sage, waliletwa na wapanda milima wa Colorado pamoja na mkalimani wao, Tom Crispin. Kwa muda wa wiki mbili hivi walizunguka juu ya farasi, wakitaja jina la kila kilele na kijito walichokijua tangu ujana. Baadhi ya majina hayo yamo kwenye ramani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa mwaka uliofuata. Bonde la Kawuneeche ni mojawapo. Hawa walikuwa hai, walisema, na maneno yao yaliandikwa. Katika filamu ya Kubrick, Wahindi Wekundu wanatajwa kama makaburi yaliyo chini ya hoteli. Walioporwa nchi wakageuzwa kuwa sababu ya wageni kukosa usingizi.

Kwa vijana wenye chaneli za simulizi, nawaomba jambo moja dogo. Kabla hamjawasha kinasa sauti, tafuteni mwaka jengo lilipofunguliwa, na mwaka na mahali alipofia huyo mnayesema anatembea humo. Kwa lodi wa Stanley ni miaka miwili tu ya kulinganisha: hoteli 1909 Colorado, kifo 1926 London. Mkishalinganisha, simulieni habari za Dunraven mwenyewe, na za wale watu waliosajili viwanja ambamo hawakuwa na nia ya kuishi.