Fanani Aliyefutwa: Kumuse ya Tongaren katika Maktaba ya Kompyuta

Yapo madai, yanayozidi kushika mizizi miongoni mwa wasomi, kwamba fasihi simulizi imeokoka mara tu inapoingizwa katika programu ya kusambazia majalada ya maktaba kwa njia ya intaneti. Programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na Maktaba za MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, husifiwa kana kwamba ni kabati tu lisilo na msimamo. Sifa hizi zahitaji kupingwa.

Tuchukue kumuse, hotuba inayotolewa kwa Wabukusu wa Tongaren na sehemu nyingine za Bungoma baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Omuswala kumuse hutembea mbele ya hadhira, akasimulia historia ya koo, akaonya na kuliwaza. Uhai wa kazi hii umo katika utendaji wake. DSpace nayo hueleza majalada kwa kufuata Dublin Core, mfumo wenye vipengele 15 vya msingi. Hotuba hiyo ikinukuliwa katika tasnifu, kipengele cha mtunzi hubeba jina la mwanafunzi. Fanani husukumwa kiambatishoni, akageuka kuwa "mhojiwa". Hivyo basi, swali la nani mtunzi, ambalo wahakiki wamelijadili kwa miaka mingi, hujibiwa kimyakimya na fomu.

Mgala muue na haki mpe: programu hiyo huruhusu vipengele kuongezwa, na Lubukusu ina alama yake, bxk, katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3. Lakini ukweli huu hauwaondolei wasomi lawama, wawazidishia. Kama njia ipo na haifuatwi, kosa si la mashine. Ni la idara za fasihi zilizowaachia mafundi kazi ya uhakiki.

Watetezi wa uwazi kamili nao husahau kwamba si kila neno limekusudiwa kila sikio, kila saa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni hudai ridhaa ya jamii kabla ya matumizi. Programu ya Mukurtu, iliyochipuka katika ushirikiano na jamii ya Warumungu ya Australia, imethibitisha kwamba masharti ya wenyeji yaweza kujengwa ndani ya mfumo wenyewe.

Lipasalo ni wazi. Jina la fanani litangulie. Sauti iambatane na maandishi. Masharti ya jamii yaandikwe. Na nakala irudi Tongaren, katika lugha iliyoizaa. Pasipo hayo, mtafiti wa mbali atapokea maneno yasiyo na msemaji, na msemaji atabaki bila maneno yake.