Kwanza Fundi, Kisha Ukuta



Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya mbele ya jumba la Beit el-Ajaib, Unguja, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati jumba hilo likifanyiwa ukarabati. Wafanyakazi wawili walikufa chini ya kifusi, na wanne waliokolewa. Wengi walililia jumba. Chama cha wafanyakazi hakina budi kuwalilia kwanza wale wawili.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash. Zama zile lenyewe lilikuwa ufundi wa kisasa: nguzo zake za chuma zililetwa kwa meli, na ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Lilikuwa pia limekwisha kutoa onyo, kwani mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka na jumba likafungwa.

Wapo wasemao kwamba jengo la kale lisiguswe na mashine. Wapo wasemao limiminiwe zege, mambo yaishe. Sisi tunasema pande zote mbili zinakosea.

Mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia, ukatoka. Ukiyafunika kwa saruji ngumu, unyevu hubaki ndani na ukuta huoza polepole. Na chuma kilichomo, kikipata chumvi ya bahari, hushika kutu, kikavimba na kupasua jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, na mwashi mzee anayejua kuichoma na kuilaza apewe vijana wa kuwafundisha, tena kwa mshahara wa fundi, si wa kibarua.

Lakini kabla fundi huyo hajapanda jukwaani, ndipo mahali pa mitambo ya kisasa. Kuna mashine za leza zinazopima jengo zima bila mtu kugusa ukuta. Kuna vipimo vinavyoonyesha kama ufa unapanuka. Kuna nguzo za chuma za kuegemeza. Mitambo ikinunuliwa ili kazi iende mbio tu, mwenye faida ni mkandarasi. Ikitumika kujua hatari mapema, anayefaidika ni mfanyakazi.

Jambo hili si la waashi wa Unguja peke yao. Wengi wetu tunafanya kazi katika viwanda na maghala ya katani, chai na pamba yaliyojengwa enzi za wakoloni. Humo hufungwa mashine mpya, zikatikisa kuta kuukuu kila siku. Je, nani amepima kuta hizo?

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi. Basi kila tawi lidai mambo matatu: jengo lipimwe kabla ya kazi, matokeo yasomwe mbele ya wafanyakazi, na mfanyakazi anayeona ufa awe na haki ya kusimamisha kazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa tena. Aliyekuwa chini yake harudi.