Mtoto anataka kumvalisha mbwa nguo za Halloween? Muulizeni mbwa kwanza

Wazazi wenzangu mnaolea watoto Marekani na Kanada, najua nyumba zenu zimeshaanza kelele. Tarehe 31 Oktoba inakaribia. Mmoja anataka kuwa simba, mwingine anataka kuwa malaika, na wote wamekubaliana jambo moja: mbwa naye lazima avae. Hata Nairobi, kwenye baadhi ya mitaa na shule, Halloween imeshabisha hodi, kwa hiyo wa huku nyumbani nanyi msipite haraka.

Wengi wetu tulikulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi. Analala uani, anakula makombo, na hakuna aliyewahi kufikiria kumshonea mabawa. Watoto wetu wanaokulia huko wanaona tofauti. Kwao mbwa ni mmoja wa nyumba. Katika eneo la bustani ya Tompkins Square jijini New York, miaka mingi mamia ya mbwa hupitishwa mbele ya watu wakiwa wamevalishwa kila aina ya mavazi, na watu hujaa kuwatazama.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Ila wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mbwa aliyevalishwa kwa nguvu, akazungukwa na watoto wanaopiga kelele, ataonyesha kwa mwili wake kwamba amechoka. Asiposikilizwa, hubaki na meno. Watoto wengi wanaong'atwa hawang'atwi na mbwa wa barabarani, bali na mbwa wanayemfahamu. Na kwa mtoto mdogo, jeraha mara nyingi huwa usoni, kwa kuwa uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa.

Kwa hiyo swali la kwanza si vazi gani linapendeza. Ni je, mbwa mwenyewe anataka? ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, huwashauri watu wasimvalishe mbwa wala paka isipokuwa wana hakika kwamba anapenda.

Utajuaje? Kaa na watoto muangalie pamoja. Mbwa asiyependa hujilamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, hukunja mkia katikati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Mwingine husimama kama sanamu. Watoto hudhani huyo ametulia, kumbe ameganda kwa hofu. Akinguruma, usimgombeze, kwa maana huo ndio ukelele wake wa mwisho kabla ya kung'ata. Vueni vazi, mmwache apumzike.

Usingoje jioni yenyewe ndipo umjaribishe. Anza siku kadhaa kabla. Liweke vazi sakafuni alinuse, umpe kipande cha nyama. Kesho yake liweke mgongoni bila kulifunga, umpe tena. Siku ya tatu lifunge kwa dakika moja, kisha lifungue. Akiendelea kutikisa mkia na kutembea kama kawaida, ongeza muda kidogo kidogo. Akikataa hatua yoyote, mmeshapata jibu.

Vazi lenyewe lipimeni kwa mambo machache. Vidole vyako viwili vipite kati ya nguo na shingo, na vivyo hivyo kifuani. Aweze kuona, kusikia, kufungua mdomo, kulala na kujisaidia bila taabu. Barakoa na kofia inayofunika macho ziacheni. Vifungo, kengele na shanga zinazoning'inia zing'oeni, kwa kuwa atazitafuna na anaweza kukabwa. Lastiki nyembamba hukaza mguu na kuzuia damu. Nguo inayoburuta hukanyagwa, na mbwa akaanguka kwenye ngazi. Rangi ya nywele ya watu msimpake, maana atajilamba.

Kumbukeni pia joto. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema mdomo ukiwa wazi. Mfunike kwa nguo nzito ndani ya nyumba yenye hita, na atapata shida haraka. Wale wenye pua fupi, kama bulldog na pug, hupumua kwa taabu hata bila nguo, kwa hiyo wao ni wa kuangaliwa zaidi.

Usiku wenyewe hatari kubwa ni mlango. Unafunguliwa kila dakika kwa watoto wanaokuja kuomba pipi, wamevaa vinyago, na mbwa aliyeshtuka huchomoka mbio. Mwekeni chumba cha ndani chenye maji na kitu cha kutafuna. Akitoka nanyi, kamba ashike mtu mzima, na kibati chenye namba ya simu kiwe shingoni hata akiwa amevaa. Mishumaa iliyo ndani ya maboga iwe mbali na mkia wake. Na msimwache peke yake na vazi mwilini, hata kwa dakika tano.

Kisha kuna mfuko wa pipi. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyomdhuru zaidi. Zabibu kavu nazo ni hatari. Chingamu na pipi zisizo na sukari huweza kuwa na zailitoli, inayoandikwa xylitol kwenye pakiti, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na kuweza kuharibu ini. Mfuko ukae juu ya kabati. Akila, mpigieni simu daktari wa mifugo papo hapo, mkiwa na pakiti mkononi. Msisubiri dalili, wala msimtapishe bila kuelekezwa.

Ikitokea mtoto ameng'atwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo ikitolewa mapema. Dalili zikishaanza, karibu kila mara huua. Ndiyo maana chanjo ya mbwa wenu iwe imetimia kabla hamjafikiria vazi.

Na mbwa akikataa kabisa? Kata kipande cha kanga kuukuu, mfunge shingoni kwa kulegeza. Picha itapatikana, naye hatateseka. Hata hicho akikikataa, mwambie mtoto taratibu: "Mwanangu, umeona alivyogeuza uso? Amesema hapana. Tumwache." Atanuna, pengine atalia. Ila atakuwa amejifunza kwamba asiyeweza kusema naye ana neno lake, na sisi wakubwa tunaliheshimu. Akiwa na mdogo wake anayeanza kutambaa hapo nyumbani, mtamwona akilitumia somo hilo mapema kuliko mnavyodhani.